Raha ya Mvua Huandaliwa Kiangazi

Mwezi wa Novemba unapowadia, wakazi wa Mamba, katika milima ya Upare ya Kusini wilayani Same, huyatazama mawingu yapandayo kutoka mashariki kwa macho ya mtu amngojaye mgeni ampendaye. Kwanza huja ukungu ukafunika migomba. Kisha upepo wa baridi. Kisha tone moja, na la pili, na mara mabati ya nyumba zote huvuma kama ngoma ya harusi. Watoto hukata majani ya migomba wakajifunika vichwani. Akina mama hufunua vyungu vya makande kuona kama mahindi yameiva, na wazee husogea karibu na moto. Vuli imeingia.

Si jambo la ajabu kwamba mkulima huifurahia mvua. Mamba ni nchi ya tangawizi, na tangawizi ni zao litakalo udongo wenye unyevu. Mvua ikikawia, ada ya shule hukawia na bati la nyumba mpya hukawia. Lakini mtu akikaa na wazee wa huko atatambua kwamba furaha yao haitokani na mvua peke yake. Inatokana na kujua kwamba maji yatakapofika yatakuta njia yamekwisha kutengenezewa.

Ndiva na msaragambo

Milima ya Upare ni nchi ya mambo mawili yasiyofanana. Upepo wenye mvuke utokao Bahari ya Hindi ukiigonga milima hulazimika kupanda, na ukipanda hupoa, ukaiacha mvua yake juu, karibu na msitu wa Chome na kilele cha Shengena chenye urefu wa mita zaidi ya 2,400. Upande wa magharibi, ulipo mji wa Same, hubaki nyanda kavu za migunga na mikonge. Basi mtu wa tambarare aweza kuiona mvua ikinyesha mlimani mchana kutwa bila yeye kupata hata tone.

Kwa sababu hiyo Wapare tangu zamani walijifunza kuyatunza maji kama watu wengine watunzavyo nafaka. Walichimba mabwawa madogo wayaitayo ndiva. Usiku maji ya kijito huelekezwa ndani ya ndiva, na tundu lake huzibwa. Alfajiri huzibuliwa, na maji hushuka kwa mifereji hadi mashambani, kila mtu kwa zamu yake. Ndiva ikijaa tope au mfereji ukibomoka, watu huitwa kwenye msaragambo, yaani kazi ya pamoja, na kila kaya hutoa nguvu. Hapo ndipo msemo wa Waswahili unapotimia, kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo.

Yafaa kuangalia kwamba kazi hiyo hufanywa jua likiwaka. Hakuna azibuaye mfereji wakati mafuriko yamefika kiunoni. Anayekaa barazani akinywa chai ya tangawizi huku mvua ikimiminika hafanyi uvivu. Anakula matunda ya kazi ya mwezi wa Septemba.

Goha, 2009

Hata hivyo, tusiisifu milima kupita kiasi. Mnamo Novemba 2009, katika msimu huu huu wa vuli, mvua kubwa ilisababisha mlima kuporomoka katika kijiji cha Goha, eneo la Mamba Miamba. Udongo ulizifukia nyumba, na watu zaidi ya 20 walipoteza maisha. Mvua iliyokuwa ikingojwa kwa hamu ndiyo iliyoleta msiba. Mnamo Desemba 2023 taifa lilishuhudia msiba mkubwa zaidi, pale matope yaliposhuka kutoka Mlima Hanang hadi mji wa Katesh na kuua watu zaidi ya 80.

Matukio haya yanatukumbusha kwamba mlima nao una masharti yake. Mteremko mkali ukiachwa bila miti, shamba likilimwa kutoka juu kwenda chini bila makinga maji, udongo hauna cha kuushika. Na ziko mvua nyingine kubwa kiasi kwamba hata mteremko uliotunzwa hauwezi kuzistahimili. Hapo kinga iliyobaki ni kutojenga chini yake, na kuhama mapema inapotolewa tahadhari. Mababu waliojenga matuta ya mawe kuzuia udongo walilijua somo hili, nasi hatuna udhuru wa kulisahau.

Tangawizi ishukapo mjini

Tangawizi ya Mamba haikai Mamba. Hushuka milimani kwa malori ikafika masoko ya Dar es Salaam, na huko ndiko inakonywewa katika kahawa na chai za jioni. Jiji hilo, ambalo katika sensa ya 2022 lilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 5, nalo lina raha yake ya mvua. Baada ya joto la Februari, mvua ya kwanza ya masika huosha vumbi la miembe na kuituliza hewa. Usiku mtu huvuta shuka aliyoisahau tangu Agosti. Kumbikumbi huzizunguka taa za barabarani, muuza mahindi ya kuchoma hupata wateja kuliko siku zote, na wasioamkiana hujikuta wakizungumza kama ndugu chini ya kibaraza kimoja.

Lakini raha hiyo haigawanywi sawasawa. Yule aliye ghorofani huisikia mvua kama muziki. Yule aliye bondeni huisikia kama hodi ya mdai. Mto Msimbazi huteremka kutoka vilima vya Pugu, ukapita katikati ya jiji na kuingia baharini karibu na Upanga. Bonde lake ni mahali pa mto kupanukia wakati wa masika, na sisi tumelijaza nyumba, karakana na taka. Mnamo Desemba 2011 mvua kubwa iliua watu zaidi ya 40 jijini, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Tangu hapo Jangwani pamefurika mara nyingi, hata kituo cha mabasi ya mwendokasi kilichojengwa pale kikazama. Mto haukuvamia makazi ya mtu. Ulirudi kwake ukakuta wageni.

Ni kweli kwamba mpango wa kuliendeleza Bonde la Msimbazi umebuniwa, pamoja na daraja la juu zaidi pale Jangwani, na jambo hilo linastahili pongezi. Lakini daraja haliwezi kumzuia mtu kutupa mfuko wa taka ndani ya mfereji ulio mbele ya mlango wake. Hilo ni jambo la msaragambo.

Funzo kwa Visiwani

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba huenda wakasema kwamba habari za milima haziwahusu. La hasha. Wazee wa Mji Mkongwe nao walikuwa na ndiva zao za namna nyingine. Baraza za mawe zilizojengwa kando ya milango hazikuwa za mazungumzo na kahawa tu; masika yalipofurisha vichochoro, watu walipita juu yake bila kulowa miguu. Milizamu ya mapaa iliyatupa maji mbali na kuta za mawe na chokaa, ambazo adui yake mkubwa ni unyevu. Na jina la Darajani latukumbusha hadi leo kwamba mahali pale palikuwa na mkono wa bahari na daraja lake, kabla ya kufukiwa. Maji yaliyonyimwa njia yao ya kale hayana budi kutafuta njia nyingine.

Zaidi ya hayo, visiwa havina milima mirefu wala mito mikubwa ya kutegemea. Maji ya visima yanywewayo na wenyeji na wageni wa mahoteli ni mvua iliyonywewa na ardhi na kuhifadhiwa katika matumbo ya mawe. Kila kiwanja kinachofunikwa saruji yote, na kila msitu unaofyekwa, ni tundu linalozibwa katika ndiva ya kisiwa kizima. Mvua inayokimbilia baharini ikiwa imebeba taka imetupita kama mgeni aliyekosa wa kumkaribisha.

Wajibu wetu

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wake kabla ya kila msimu wa masika na wa vuli. Utabiri huo ndio mbiu ya mgambo ya zama zetu. Yapasa basi kila ofisi ya wilaya, kila manispaa na kila shehia iusome kama amri ya kazi, wala si kama habari ya kupitisha wakati. Mifereji izibuliwe wakati wa kiangazi, na si baada ya diwani kupigwa picha akiwa amesimama majini. Viwanja vya mabondeni visigawiwe mtu, awe mdogo au mkubwa. Walio chini ya miteremko ya hatari waonyeshwe mahali pa kuhamia kabla ya tone la kwanza. Nao wananchi wasingoje kuamriwa ndipo wafagie mbele ya milango yao.

Hatuandiki haya ili kuwatia watu hofu ya mvua. Tunaandika kwa sababu tunataka mama wa Jangwani, mwenye duka wa Darajani na mkulima wa Goha waweze kukaa barazani usiku mmoja wa masika, kila mmoja na kikombe chake cha tangawizi, wakasikiliza maji yakipita nje katika njia yake, kisha wakalala usingizi.