Kufundisha Asili ya Miamba ya Moto: Itale na Basalti

Wakati wa mazoezi ya kufundisha, mara nyingi tumewasikia wanachuo wakiwaambia wanafunzi kwamba itale ni jiwe jeupe lililopoa polepole, na basalti ni jiwe jeusi lililopoa upesi. Wanafunzi huyakariri maneno hayo. Lakini mtoto mmoja akiuliza, "Mwalimu, je, kupoa upesi ndiko kulikolifanya jiwe kuwa jeusi?" mwalimu hukwama. Jibu ni hapana, nasi tunapenda kueleza sababu yake.

Chembe za jiwe

Miamba yote miwili ilitokana na magma, yaani mawe yaliyoyeyuka kwa joto. Magma ya itale huganda ndani ya ardhi, kilometa kadhaa chini, ambako mawe yanayoizunguka hulizuia joto lisipotee. Hupoa kwa maelfu mengi ya miaka, na fuwele zake hupata muda wa kukua hata zikaonekana kwa macho. Basalti hutokana na zaha iliyomwagika juu ya ardhi ikiwa na joto la sentigredi 1,000 hadi 1,200. Hiyo hupoa upesi, na fuwele zake hubaki ndogo mno.

Rangi ya jiwe

Rangi ina asili nyingine. Katika itale, silika ni kama asilimia 70. Ndiyo maana limejaa kwatsi na feldispa, ambazo ni nyeupe, kijivu au waridi, pamoja na ulanga unaometameta. Katika basalti silika ni kama asilimia 50 tu, lakini chuma na magnesi ni nyingi zaidi, nazo hulitia jiwe weusi.

Uthibitisho upo. Magma ya aina ya itale ikimwagika juu, hupatikana rayoliti, yenye chembe ndogo lakini kwa kawaida nyeupe-nyeupe. Magma ya basalti ikigandia chini, hupatikana gabro, yenye chembe kubwa na bado nyeusi. Kwa hiyo chembe hutueleza mahali jiwe lilipopoa. Rangi hutueleza viungo vyake.

Darasani

Wape wanafunzi mawe yenyewe kabla ya kuwapa majina. Wayavunje, wayamwagie maji, wayatazame juani, waseme waonacho. Kisha yeyusha chumvi nyingi katika maji. Sehemu moja ichemshe mpaka ikauke. Nyingine iache katika sahani kivulini kwa siku kadhaa. Ile ya kivulini itatoa fuwele kubwa zaidi. Waeleze wazi kwamba chumvi haikuyeyuka kwa moto kama magma. Tunachofananisha ni muda wa kukua tu.

Mwanafunzi wa Mwanza atauliza: ikiwa itale liligandia chini, mbona majabali yake yamesimama ziwani? Mwambie kwamba majabali hayo yana umri wa zaidi ya miaka milioni 2,500, na katika muda huo mvua, maji na upepo vimeiondoa ardhi iliyoyafunika. Basalti ya Kilimanjaro, kwa kulinganisha, haijafikisha miaka milioni 3.

Mwanafunzi aliyekariri husahau baada ya mtihani. Aliyefundishwa kuuliza chembe na rangi kila moja peke yake ataweza kulisoma hata jiwe ambalo mwalimu wake hajapata kuliona.