Churchill, Bunge la Uingereza na Damu ya Kisii

Mwanafunzi mmoja wa Itumbe, huko kwenye miteremko ya majani chai ya Kisii, aliwahi kuandika katika insha yake kwamba Winston Churchill aliwatetea Wagusii Bungeni mwaka 1908. Sikumkata alama, ila kauli ile imenikaa moyoni, maana kuna ukweli ndani yake na kuna hatari pia.

Mnamo Januari 1908, Otenyo Nyamaterere, akichochewa na mtabiri Moraa, alimchoma mkuki mtawala wa wilaya, Geoffry Northcote. Wenyeji walimwita Nyarigoti. (Mwanaisimu hawezi kulipita jina hilo: katika Ekegusii, k inayotangulia silabi yenye t hugeuka g, ndiyo maana kitabu kikawa egetabu.) Northcote alipona. Hata hivyo askari wa King's African Rifles walitumwa "kuadhibu". Nyumba zikachomwa, mifugo ikatekwa, watu wakauawa.

Churchill alikuwa na umri wa miaka 33, naibu wa Waziri wa Makoloni. Waziri mwenyewe, Lord Elgin, aliketi katika Bunge la Malodi, hivyo mzigo wa kujibu maswali ya makoloni katika Bunge la Makabwela ulimwangukia Churchill. Februari 1908 ilimfikia ripoti kwamba watu 160 wamekwisha kuuawa. Akaandika dokezo la ndani ya wizara. Hakupendezwa na lugha ya ripoti zile. Koo zile, alikiri, zilistahili adhabu. Lakini jambo lenyewe lilifanana na uchinjaji, na Bunge likilipata, mipango yote ya Afrika Mashariki ingeingia doa. Ndipo akauliza kama kweli ilikuwa lazima kuendelea kuwaua kwa wingi namna hiyo watu wasio na kinga.

Naomba walimu watazame mpangilio wa hoja. Adhabu haihojiwi kamwe. Kinachohojiwa ni kiasi chake. Bunge linatajwa kabla ya wasio na kinga. Wala hiyo si hotuba ya bungeni, bali ni karatasi ya mtu anayelihofia Bunge. Hofu hiyo, nakiri, ina thamani yake. Gavana wa Nairobi hakuwa na wa kumwogopa karibu: Baraza la Kutunga Sheria lilikuwa limeanza mwaka 1907 tu, na Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, hakuingia humo hadi 1944. Mgusii hakuwa na mbunge London wala Nairobi.

Aprili 1908 Churchill alihamia wizara ya biashara. Northcote akapanda vyeo hadi kuwa Gavana wa Hong Kong mwaka 1937. Otenyo aliuawa. Wazee wa Kisii husimulia kwamba kichwa chake kilipelekwa Uingereza, na kilio cha kutaka kirudishwe kimesikika mara nyingi.

Mwanafunzi wangu aliniuliza kama hilo nalo liliwahi kujadiliwa Bungeni.