Sokwe na Hamu ya Kujua

Udadisi ni hamu ya kujua hata pale ambapo kujua hakuleti chakula. Zamani wataalamu wengi walishikilia kwamba mnyama hujifunza kwa msukumo wa njaa au maumivu. Mwaka 1950 Harry Harlow wa Marekani alieleza jinsi kima aina ya rhesus walivyofumbua mafumbo ya vyuma na komeo bila kupewa chochote. Waliendelea kwa sababu kazi yenyewe iliwapendeza.

Kilichomo ubongoni kilionekana wazi mwaka 2009, katika majaribio ya Ethan Bromberg-Martin na Okihide Hikosaka. Kima waliwekewa alama mbili: moja iliwajulisha mapema kama maji yajayo ni mengi au machache, nyingine haikuwajulisha lolote. Kuchagua hakukuongeza hata tone la maji. Hata hivyo walipendelea kujulishwa, na seli za dopamini zinazoitikia maji ziliitikia habari vilevile. Hili ni jambo kubwa: kwa ubongo, habari ni riziki.

Lakini udadisi wa mmoja una mpaka. Ukitoka Lubumbashi, Kongo, kuelekea kusini na kuvuka mpaka wa Kasumbalesa, kuna makao ya sokwe ya Chimfunshi, karibu na Chingola, Zambia. Yalianza mwaka 1983 kwa sokwe mchanga aliyetwaliwa kutoka kwa majangili wa Zaire (sasa Kongo). Huko sokwe 66 waliwekewa kisanduku cha karanga, na ili kuzipata ilibidi kuokota mpira wa mbao, kuvuta droo na kuishikilia, kutia mpira, kisha kuifunga. Miezi 3 ilipita, hakuna aliyeweza. Watafiti walipomfundisha sokwe mmoja katika kila moja ya makundi mawili, wenzao 14 walijifunza. Matokeo yalitolewa mwaka 2024.

Porini, wa kwanza kutazamwa ni mama. Kule Gombe, Tanzania, kando ya Ziwa Tanganyika, sokwe wadogo wa kike humkodolea mama macho anapovua mchwa kwa kijiti, nao huimudu kazi hiyo mapema kuliko kaka zao.

Kwa hiyo, hasara ya sokwe yatima wanaopokewa Lubumbashi na kituo cha uokoaji cha J.A.C.K. tangu mwaka 2006 ni nzito kuliko inavyoonekana. Wawindaji huua mama ili wamchukue mtoto. Mtoto hubaki na hamu yake yote ya kujua, ila aliyepaswa kutazamwa hayupo.