Pundanhar: Ibada ya nyumbani pale kanisa linapokuwa mbali

Mtu anayekimbia kijiji chake usiku huchukua watoto, chakula kidogo na nguo alizovaa. Kanisa hubaki nyuma. Kwa familia za Kikristo zilizohamishwa na mapigano kaskazini mwa Msumbiji, swali la namna ya kusoma Maandiko na kusali kila siku limekuwa swali la namna ya kuendelea kuwa kanisa.

Pundanhar ni makao ya tarafa katika wilaya ya Palma, mkoa wa Cabo Delgado, magharibi mwa mji wa Palma katika njia iendayo Nangade. Mto Ruvuma na mpaka wa Tanzania hauko mbali, na Kiswahili husikika huko sambamba na Kimakonde na Kimwani. Mashambulizi ya makundi yenye silaha yaliyoanza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017 yalienea hadi wilaya ya Palma, na wakazi wengi wa vijiji vya eneo hilo wakayaacha makazi yao. Kufikia mwaka 2022, watu zaidi ya milioni moja walikuwa wamehamishwa na vita hivyo.

Waliouawa na kukimbia ni Waislamu na Wakristo pia; misikiti imechomwa, na makanisa yamechomwa. Misheni ya Nangololo, iliyoanzishwa na wamishonari Wakatoliki wa Montfort mwaka 1924 katika eneo ambalo leo ni wilaya ya Muidumbe, ilivamiwa na kuharibiwa mwaka 2020. Panapotokea hayo, padri au mchungaji huondoka pamoja na watu wake, na kengele haigongwi tena.

Msumbiji imewahi kuyapitia

Hii si mara ya kwanza kwa Wakristo wa nchi hiyo kubaki na sala bila jengo. Baada ya uhuru wa mwaka 1975, serikali ya Frelimo ilitaifisha shule na hospitali za misheni, na baadhi ya makanisa yakafungwa. Wamishonari wengi waliondoka. Mwezi Septemba 1977 Kanisa Katoliki lilifanya mkutano wake wa kwanza wa kitaifa wa kichungaji mjini Beira, na likaamua kujijenga juu ya jumuiya ndogo ndogo zinazoongozwa na walei.

Katika miaka ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, hadi mkataba wa amani uliotiwa saini Roma tarehe 4 Oktoba 1992, zilikuwapo jumuiya zilizokaa muda mrefu bila kumwona padri. Katekista alisoma Neno, watu wakaitikia, wakaombea wagonjwa na wafu. Imani ilitunzwa na watu waliozoea kusali wakiwa wachache. Ndiyo maana mazoea ya kila siku yana uzito: asiyezoea kusali nyumbani wakati wa amani hupata tabu kuanza siku anapofika ugenini akiwa na hofu.

Kitabu kilivyofika ukanda wa Ruvuma

Kwa wasemaji wa Kiswahili, kitabu chenyewe kina historia iliyopita karibu na mpaka huo. Edward Steere, askofu wa Kianglikana wa Zanzibar, alikuwa mmoja wa waliotafsiri Biblia kwa Kiswahili cha Unguja. Mwaka 1876 aliongoza kundi la watumwa walioachwa huru hadi Masasi, kaskazini mwa Ruvuma, na hapo ikaanza misheni. Alifariki mwaka 1882, na Biblia nzima ya Kiswahili cha Unguja ikachapishwa mwaka 1891. Tafsiri iliyoenea zaidi leo miongoni mwa Waprotestanti, ijulikanayo kama Union Version, ilitoka mwaka 1952.

Baadaye, vita vya ukombozi vya miaka 1964 hadi 1974 viliwavusha Wamakonde wengi kuingia Tanzania, na miaka ya ukimbizini ilikikuza Kiswahili miongoni mwao. Kwa watu wa namna hiyo, Kireno ni lugha ya ofisi na shule, na Kiswahili kinaweza kuwa lugha ya sala.

Namna ibada inavyofanywa

Ibada ya kila siku haina sura moja. Wakatoliki wana masomo ya Misa yaliyopangwa kwa kila siku: ya Jumapili hurudi baada ya miaka mitatu, na mzunguko wa siku za kazi ni wa miaka miwili. Wapo wanaosali Rozari, au sala ya Malaika wa Bwana asubuhi, adhuhuri na jioni. Waanglikana hurithi utaratibu wa kuzigawa Zaburi 150 kwa siku thelathini, asubuhi na jioni. Wamoravian huchagua mistari ya kila siku kwa desturi iliyoanza Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1728. Katika uamsho uliosambaa kutoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, waumini walijenga mazoea ya kuamka mapema na kukaa kimya na Biblia kabla ya kazi.

Pamoja na tofauti hizo, hatua zinafanana. Mtu huchagua saa isiyobadilika, mara nyingi alfajiri kabla ya kwenda shamba, au jioni baada ya chakula. Husoma fungu fupi, kisha hulirudia polepole. Hunyamaza kidogo na kujiuliza: fungu hili linasema nini, na leo linanitaka nifanye nini? Kisha husali: kushukuru, kutubu, kuwaombea wengine, na mwisho kuomba haja zake. Wengi huchukua neno moja la kukumbuka mchana kutwa.

Kipimo nacho ni muhimu, kwa kuwa wengi huanza kwa bidii na kuchoka upesi. Biblia inayotumiwa na Waprotestanti ina sura 1,189. Anayetaka kuimaliza kwa mwaka hana budi kusoma sura tatu au nne kila siku. Agano Jipya lina sura 260: sura moja kwa siku, siku tano za wiki, hulimaliza kwa majuma 52. Aliye na dakika kumi tu anaweza kutosheka na zaburi moja.

Asiyejua kusoma, asiye na kitabu

Vitabu huungua, na si kila mtu anajua kusoma. Hata hivyo, kwa karne nyingi Maandiko yalifikia watu wengi kwa sikio. Katika familia anatosha msomaji mmoja, pengine mtoto wa shule, na wengine wakasikiliza. Zaburi fupi hujifunzwa kwa moyo na haipotei njiani. Rekodi za Biblia hubebwa katika simu na kadi ya kumbukumbu, na redio huwafikia walio mbali zaidi.

Sauti pia yahitaji busara. Pwani ya Cabo Delgado ina Waislamu wengi, na familia zilizohamishwa hupokewa na majirani bila kuulizwa dini. Adhana ya alfajiri humwamsha hata asiyekwenda msikitini. Sala ya Kikristo inayosaliwa kwa sauti ya chini ndani ya nyumba huweka heshima ileile.

Nafasi ya machozi

Wapo wanaodhani kwamba ibada njema ni ya shukrani tu, hivyo aliyefiwa akikosa cha kushukuru huacha kusali. Lakini sehemu kubwa ya Zaburi ni maombolezo: mtu anayelalamika, anayeuliza Mungu yuko wapi, anayeeleza hasira yake dhidi ya adui. Zaburi ya 137 ni kilio cha watu waliotekwa na kupelekwa ugenini. Kuisoma humpa muumini ruhusa ya kusema ukweli wa moyo wake, na humwezesha kuikabidhi hasira kwa Mungu badala ya kuigeuza kisasi.

Ibada haichukui nafasi ya tabibu, chakula wala ulinzi. Mtu asiyelala kwa wiki kadhaa kwa sababu ya aliyoyaona anahitaji msaada wa afya ya akili pamoja na sala. Anayesali kwa uaminifu pia hukumbuka kwamba kumwombea jirani mwenye njaa huenda pamoja na kugawana naye chakula.

Watu wanaporejea katika kijiji kilichoharibiwa, nyumba na mashamba ndivyo vinavyohitajika kwanza, na jengo la kanisa huenda likangoja miaka. Familia iliyosoma na kusali kila jioni ilipokuwa ugenini haitangoja jengo hilo ili ianze. Itaketi chini ya paa la kwanza itakaloezeka, na kuendelea pale ilipoishia jana.