Utengenezekaji na Ubadilishikaji: Istilahi za Saa

Kauli ya kutendeka huonyesha uwezekano: njia hupitika, mzigo hubebeka. Kwa kanuni hiyo twapendekeza istilahi utengenezekaji, yaani sifa ya chombo kuweza kufunguliwa, kusafishwa, kutiwa mafuta na kuondolewa sehemu iliyochakaa. Haja yake yaonekana katika saa za kamani za bei nafuu.

Wengi hudhani kuwa plastiki ndiyo iondoayo sifa hiyo. Mtambo wa Seiko 7S26 una sehemu za plastiki upande wa tarehe, lakini umefungwa kwa skrubu. Fundi saa huufungua na kubadilisha kilichovunjika. Swatch ya Uswisi ilipotoa Sistem51 mwaka 2013, mtambo ulikuwa na sehemu 51, ukaundwa na mashine, ukashikwa na skrubu moja, ukafungiwa ndani ya kasha lisilofunguliwa. Humo hata sehemu za metali hazifikiwi na fundi. Basi kizuizi ni muundo, wala si plastiki.

Hivyo hapana budi kuwa na istilahi ya pili, ubadilishikaji, yaani uwezekano wa kuondoa mtambo mzima na kutia mwingine. Mfasiri wa hati ya dhamana aandikaye “hutengenezeka” mahali pa “hubadilishika” humwahidi mnunuzi asichokipata. Na mwandishi wa zabuni achanganyaye maneno hayo aweza kununua cha kutupwa kwa bei ya cha kudumu. Twashauri kila neno litumike mahali pake.