MAJI MACHAFU YA VIJIJINI: YASIACHWE KUFIKA MTONI BURE

Mahali penye nyumba chache zilizotawanyika, choo cha shimo kilichochimbwa vema chatosha. Lakini shule ya bweni, zahanati na soko vikijengwa hapo, na maji ya mfereji yakifika, mambo hubadilika. Maji ya vyooni, jikoni na ya kufulia huzidi yale ambayo shimo laweza kunywa, nayo hutafuta njia ya kuteremkia mtoni. Huko chini wako watu wengine watekao maji hayo hayo ya mto.

Wengi hudhani ya kwamba maji yakionekana maangavu yamekwisha takata. Dhana hii ni ya hatari. Mwaka 1854 katika mji wa London, daktari John Snow alionyesha kwamba wengi waliokufa kwa kipindupindu katika mtaa mmoja walikuwa wamekunywa maji ya pampu ya Broad Street. Baadaye ikagunduliwa kwamba shimo la uchafu la nyumba ya jirani lilikuwa likivuja karibu na kisima hicho.

Basi, kijiji chaweza kuyasafishaje maji yake bila mitambo ya gharama kubwa? Kwanza, maji huingizwa katika tangi lililofunikwa, lililojengwa chini ya ardhi. Humo hutulia kwa muda wa siku moja au zaidi. Vitu vizito huzama na kuwa tope, mafuta huelea juu, na vijidudu visivyohitaji hewa huanza kuuoza uchafu ule. Maji yatokayo hapo bado ni ya hatari. Hayafai kumwagwa mtoni.

Pili, maji hayo hupelekwa katika bwawa lenye kina cha mita 1.5 hivi. Humo humea mwani, yaani mimea midogo sana ya kijani. Kwa nguvu ya jua, mwani hutoa hewa ya oksijeni, na vijidudu vingine huitumia hewa hiyo katika kuula uchafu. Kwa hiyo rangi ya kijani ya bwawa hilo si ugonjwa, bali ni dalili ya kazi njema.

Tatu, maji hupita katika bwawa jingine lisilo na kina kirefu, ambamo mwanga wa jua huviua vijidudu vingi vya maradhi. Mayai ya minyoo huzama yenyewe, iwapo maji yatakaa mabwawani siku 8 hadi 10 au zaidi. Mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba maji ya kumwagilia mboga ziliwazo mbichi yasiwe, kwa wastani, na zaidi ya yai 1 la minyoo katika kila lita. Hata hivyo, maji haya si ya kunywa.

Kazi haiishii katika ujenzi. Tope likifika theluthi moja ya kina cha tangi, halina budi kuondolewa, kwani tangi lililojaa tope ni sawa na kutokuwa na tangi. Nalo tope hilo lisitupwe shambani likiwa bichi, maana lina mayai ya minyoo. Majani ya kando ya mabwawa yafyekwe ili mbu wasipate maficho, na boma lijengwe ili watoto na ng'ombe wasiingie.

Kijiji kifanyacho hivyo huwalinda watu wake, na pia jirani zake wa chini ya mto, ambao hawana njia ya kujua kilichomwagwa juu yao.