Tulipopanda Lubero na watoto wanne



Katika kikaratasi chetu tumezoea kusoma juu ya mashamba, MUSO na afya ya watoto. Wiki hii tunawaletea habari ya jamaa yetu wenyewe. Tunajua kati yenu kuna wanaofunga mizigo: baba watoto amepata kazi kwingine, ama maisha ya mji mkubwa yamekuwa magumu, na wote wanapaswa kuhama. Sisi tulitoka Kisangani, tukapanda mpaka Lubero, katika Kivu ya Kaskazini. Mtoto mkubwa alikuwa na miaka 12, mdogo alikuwa bado ananyonya.

Njia ni ndefu. Toka Kisangani unapita Nia-Nia, Epulu, Mambasa na Komanda, pori juu ya pori, mpaka Beni. Pale Beni tulilala siku mbili tukiulizia madereva hali ya njia, kwa sababu kwetu huku mashariki mama hapandishi watoto gari bila kuuliza. Kisha Butembo. Kati ya Butembo na Lubero gari linavuka mstari wa ikweta. Mtoto wetu wa pili alikuwa amejifunza shuleni kwamba ikweta ni mahali pa joto. Sasa alikuwa amejifunika kitenge mpaka masikioni. Akauliza: "Mama, mbona baridi?"

Kisangani nayo iko karibu na ikweta, lakini iko chini, kama mita 400 tu juu ya bahari. Lubero iko juu ya mita 1800. Kila ukipanda mita 1000, joto linapungua kama digrii 6. Sisi tulikuwa tumebeba masufuria, magodoro na mashine ya kushona. Blanketi tulikuwa nazo mbili tu.

Usiku wa mbabula

Usiku wa tatu mvua ilinyesha na baridi ikazidi. Watoto walikuwa wanatetemeka. Tukachukua mbabula iliyobaki na makala mekundu, tukaiingiza chumbani, tukafunga dirisha, tukaziba na nguo chini ya mlango. Moshi haukuwapo, basi tukaona hakuna hatari. Tukalala wote chumba kimoja, tukifurahi kwamba tumepata akili.

Kabla ya mapambazuko mtoto wa tatu alianza kutapika. Mkubwa alisema kichwa kinampasuka. Mama alipotaka kusimama, miguu ilikataa. Tulifikiri ni chakula. Yule mkubwa alitambaa akafungua mlango, akaita. Mama wa jirani alikuja mbio, akaona mbabula, hakuuliza neno. Alibeba kwanza mtoto mchanga, akamtoa nje, kisha wengine mmoja mmoja, akafungua dirisha. Asubuhi alitusindikiza kituo cha afya. Tulipona wote, Mungu ashukuriwe.

Wamama, makala yanayowaka yanatoa hewa yenye sumu. Haina harufu, haina rangi, na inatoka hata wakati moshi umekwisha na makala ni mekundu tu. Katika chumba kilichofungwa inaua watu wakiwa usingizini. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika na mwili kuishiwa nguvu, na zinashika watu wengi wa nyumba kwa wakati mmoja. Ukiona hivyo, toa kila mtu nje kwenye hewa safi, kisha nenda kwa waganga. Mbabula ipikie nje au mahali penye hewa, na usilale nayo hata kama baridi inakata. Watoto walale pamoja, wavae soksi na kofia, na kwa wakubwa kuna chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringwa katika kitambaa.

Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwetu ilikuwa kinyume: mwenyeji alikuja, mgeni akapona.

Homa iliyotufuata

Kosa la pili lilitoka katika maneno ya watu. Kabla ya kuondoka Kisangani tuliambiwa mlimani hakuna mbu, kwa hiyo tukaacha vyandarua, ile mustikere, kwa shangazi. Ni kweli mbu ni wachache kwenye baridi, lakini hawakosi kabisa. Tena malaria inaweza kukaa mwilini wiki mbili au zaidi kabla ya homa kuonekana. Wiki ya pili mtoto wa pili alishikwa na homa. Tukasema ni mafua ya baridi, tukampa chai ya tangawizi siku mbili nzima. Kituo cha afya walipompima damu, ilikuwa malaria aliyoibeba toka chini. Alipata dawa, akapona.

Basi mtoto aliyetoka bondeni akipata homa, apimwe siku ileile, na mwambie muuguzi mlikotoka. Vyandarua mje navyo. Mkirudi chini likizo, watoto walale ndani yake kama zamani. Kadi ya chanjo nayo iwe mkononi, si ndani ya gunia, ili mtoto mdogo aendelee na siku za kilo bila kuanza upya.

Shule na michezo

Hapa tulifanya vizuri kidogo. Mkubwa alikuwa darasa la sita, kwa hiyo tulingoja amalize mtihani wa mwisho wa primeri kabla ya kuhama. Ukimtoa mtoto wa darasa hilo katikati ya mwaka, jina lake limeandikwa shule moja na yeye yuko nyingine. Lakini buletini ya mmoja ilibaki nyuma, na kuifuata ilituchukua wiki nyingi. Kabla ya kupanda gari, hesabu buletini zote na vyeti vya kuzaliwa.

Darasani Kiswahili kilitosha. Tabu ilikuwa uwanjani, ambako watoto wanacheza kwa Kinande. Kiswahili chetu cha Kisangani, kilichochanganywa na Lingala, kiliwachekesha. Mtoto wa tatu alirudi akilia kila siku, akisema anataka kurudi mtoni. Hatukumlazimisha kunyamaza. Kila jioni tulimpeleka kwa mama wa jirani achambue maharagi na watoto wa pale. Siku moja asubuhi tulimsikia akisalimia njiani, "Wavukire!", kama mwenyeji. Nasi tulijifunza kusema "wasingya", asante, na sokoni bei ikawa nzuri zaidi.

Chungu cha mlimani

Kisangani tulizoea wali, samaki wa mto na sombe. Lubero ni viazi, maharagi na mashu. Wiki za kwanza maharagi yalikataa kuiva, tukalaumu muuzaji. Kumbe juu mlimani maji yanachemka kabla ya kufika digrii 100, hivyo chungu kinachelewa. Loweka maharagi usiku kucha, mwaga yale maji, kisha pika, makala yanapungua. Maji ya kunywa yaache yatokote dakika 3.

Maswali ya siku ya kwanza

Leo tunaishi vizuri. Mama ameingia MUSO ya mtaa, na mashine ya kushona inashona sweta za shule. Lakini hatusahau kwamba siku tatu za kwanza tulifunga mlango kwa haya, tukaona aibu kuuliza. Haya hiyo karibu ituuzie watoto.

Kwa hiyo, mama unayehama, siku ya kwanza gonga mlango wa jirani uulize haya: Usiku mnapataje joto? Maji mnachota wapi? Kituo cha afya kiko wapi, na usiku nani anatusindikiza?

Na ninyi wenyeji, mkiona gari linashusha magodoro na watoto, msingoje mgeni agonge. Nendeni nyinyi, na mchungulie mbabula yao iko wapi.